Virusi vinabadilika, sawa. Mbona chanjo ya surua ni mara mbili tu na ya korona haikutosha?

Mama Dagaa, Kirumba

Wakuu habari za jioni. Nina ubishi wa nyumbani, naomba mnisaidie.

Chanjo ya korona ilipofika huku kwetu Agosti 2021 nilikuwa wa mwanzo hapa mwaloni. Ile ya sindano moja, Janssen. Sikushurutishwa na mtu. Mwenzangu wa meza ya jirani, tuliyekuwa tunaazimana debe la kupimia dagaa, Julai yake alikuwa amelazwa anapumulia mtungi, nikaogopa. Januari 2022 nikaugua hivyo hivyo. Koo kama nimemeza mwiba wa sato, kichwa, mafua. Nikasokomezwa kijiti puani, nikaambiwa ninayo. Siku nne nikasimama, ila maneno ya mume wangu hayajaisha mpaka leo: "Si ulichanja?"

Sasa mtoto wetu ana miezi 17, mwezi ujao anatakiwa surua ya pili. Baba yake kaja na mpya. Anasema kama korona imegeuka ndani ya miezi mitano chanjo ikawa ya zamani, hii ya surua iliyotengenezwa kabla hajazaliwa si imeshakuwa maji? Mama mkwe yuko Ukerewe, naye kamuunga mkono kwa simu. Nimekosa la kuwajibu.

Mbishi wa Igoma

Tulisema mapema mkatuita washamba. Nakaa hapa chini nasoma.

Fundi Darubini

Marahaba mwanangu (hukunisalimia lakini naichukua). Nimekaa maabara miaka 31, sasa ni mstaafu wa Nyegezi, nafuga bata. Mumeo si mjinga. Ila kafunga mambo mawili kwenye kamba moja.

Wewe ni mtu wa mwaloni, nikueleze kwa mitumbwi. Kuna mwizi wa injini ziwani. Wavuvi wamepeana habari: mtumbwi wa buluu, mstari mwekundu ubavuni. Doria imeukariri. Mwizi akipaka kijani, usiku ule anapita mbele ya macho yao na kupunga mkono. Korona ndiyo huyo. Mwili unajifunza kuitambua kwa miiba yake ya juu, na miiba ile inaweza kubadilika hapa na pale bado ikafungua seli vizuri tu. Janssen yako ilifundisha mwili sura ya kirusi cha mwanzo kabisa, cha Wuhan. Omicron, aina mpya ya korona, ilipotangazwa Novemba 2021 na wenzetu wa Botswana na Afrika Kusini, mwiba wake ulikuwa na mabadiliko zaidi ya 30. Hapo mwizi kapaka mtumbwi mzima.

Surua nayo hubadilika, asikudanganye mtu. Ni kirusi cha RNA kama mwenzake, kila kikijinakili kinakosea. Lakini kingamwili, yaani zile silaha mwili unazotengeneza kumkamata adui, zinaikamata kwenye mkuku, ule mti wa chini unaoushikilia mtumbwi, hazihangaiki na rangi. Kikibadilisha pale hakiwezi tena kushika seli. Ni sawa na mwizi akate mkuku wa mtumbwi ili asitambulike: kweli hatambuliki, maana yuko chini ya maji. Chanjo nyingi za surua duniani zimetokana na kirusi kilichochukuliwa kwa mvulana wa shule huko Boston, Marekani, mwaka 1954. Kirusi kile cha zamani ndicho kinachomkinga mtoto wa Kirumba leo.

Bingwa wa kubadili rangi ni influenza, kirusi cha homa ya mafua. Vinasaba vyake viko vipande 8, na virusi viwili vikikutana ndani ya mnyama mmoja vinaweza kubadilishana vipande kama watoto na karata. Ndiyo maana wataalamu wa WHO wanakaa kila Februari na kila Septemba kuchagua chanjo ya msimu unaofuata.

Kuku wa Kisesa

Shikamoo mzee. Naongezea kwa upande wetu wafugaji. Mdondo, ule ugonjwa wa kuku, nao ndivyo ulivyo, kirusi kinabadilika kila miezi mitatu, ndiyo maana tunarudia matone ya jicho. Mwaka juzi nilipitisha mwezi mmoja tu nikashughulikia msiba, kati ya kuku 60 nikabaki na jogoo mmoja. Yule jogoo mpaka leo simchinji.

Fundi Darubini

Marahaba. Pole kwa kuku, na jogoo mheshimu. Ila hapo umekosea, na umenisaidia kweli kukosea.

Mdondo haukubadilika ndani ya miezi mitatu. Angalia chupa unayonunua, chanjo ni ile ile ya miaka yote, jina lake I-2. Ingekuwa kirusi kinageuka kila robo mwaka, kurudia tone lile lile kungekusaidia nini? Kilichopungua ni kingamwili ndani ya kuku. Kirusi kugeuka sura ni jambo moja, kinga kupungua mwilini ni jambo lingine, na watu wanayachanganya kila siku, hata wenye makoti meupe.

Kwa binadamu kingamwili zile nyingi za baada ya sindano hupungua baada ya miezi. Zinazobaki ni seli za kumbukumbu, zimelala. Adui akiingia zinahitaji siku kadhaa kuamka, kuzaliana na kumwaga kingamwili mpya. Sasa hesabu mwenyewe, Mama Dagaa. Surua ikiingia huchukua kama siku 10 mpaka wiki mbili kabla ya vipele. Kumbukumbu inaamka, inapiga mswaki, inakunywa chai, bado inaiwahi njiani. Omicron ilichukua kama siku tatu tu. Kumbukumbu inafungua macho, pua tayari inatiririka. Lakini njia ya kutoka puani mpaka chini mapafuni ni ndefu, na hapo ndipo inapowahi.

Kisha kuna seli T, askari wengine wa mwili. Hizi haziangalii rangi ya nje peke yake, zinasoma vipande vidogo vya kirusi, na vingi vya vipande hivyo Omicron haikuvigusa. Watu waliougua ile SARS ya 2003, ndugu wa korona hii, walipimwa miaka 17 baadaye wakakutwa bado wana seli T zinazoikumbuka.

Kwa hiyo zile siku zako nne bila mtungi, sehemu yake naiandikia chanjo. Sehemu, nasema. Omicron yenyewe haikuwa kali kama Delta, aina ya korona iliyoitangulia, iliyomlaza mwenzako, na wewe hukuwa bibi kizee. Nikikuambia ni sindano peke yake nitakuwa nakuuzia dagaa wenye mchanga.

Dereva wa Mutukula

Mzee, hili limenigusa mfukoni. Kadi yangu ya zamani ya chanjo ya homa ya manjano imeandikwa miaka 10. Mwenzangu anasema siku hizi ni ya maisha. Kirusi ndiyo kimeacha kubadilika au ni biashara tu?

Fundi Darubini

Mwenzako yuko sahihi. Tangu Julai 2016 kanuni za kimataifa za afya zinaitambua kadi hiyo kwa maisha, na hata kadi za zamani zinaingia humo. Wala si kwamba kirusi kilibadili tabia mwaka ule, ni sisi tuliofuatilia waliochanjwa tukaona kinga yao inadumu. Kirusi cha chanjo hiyo kilitoka kwa Mghana mmoja aitwaye Asibi mwaka 1927. Ni hai, kimedhoofishwa tu, kinazaliana kidogo ndani yako, kwa hiyo mwili unasoma darasa zima. Chanjo nyingine zinaupa mwili ukurasa mmoja.

Mbishi wa Igoma

Haya. Na UKIMWI? Miaka 40 hakuna chanjo.

Fundi Darubini

Swali la maana, umeshuka kwenye ubishi leo. VVU kinageuka ndani ya mtu mmoja kwa kasi ambayo influenza inahitaji kuzunguka mataifa kuifikia. Kinajifunika sukari juu ya protini zake za nje, kingamwili zinateleza. Na kinajiandika ndani ya vinasaba vya seli zako, kwa hiyo ukichelewa siku chache kishajenga nyumba. Kwa korona, kuwahi mapafuni kunatosha. Kwa VVU hakuna "mapafuni" pa kuwahia.

Mama Dagaa, Kirumba

Shikamoo mzee, nimeona kosa langu la mwanzo. Nimebaki na moja. Kama surua haigeuki na kinga yake haiishi, hiyo ya pili ni ya nini? Baba mtoto kalidaka hapo hapo.

Fundi Darubini

Marahaba mayu. Mwambie kadaka vizuri. Mtoto akiwa na miezi 9 bado anaweza kuwa na kingamwili ulizompa tumboni. Zikiikuta chanjo zinaiua kabla mwili wake haujajifunza. Kati ya watoto 100 wanaochanjwa umri huo, wanaoshika ni kama 85. Hao 15 ukiwaangalia kwa macho huwajui. Ya miezi 18 inawafuata hao, maana mali za mama zimeshaisha. Kwa aliyeshika ya kwanza haina hasara. Wako yumo kundi gani? Hata mimi na darubini yangu nisingejua bila kumtoa damu.

Mama Dagaa, Kirumba

Nimemsomea mume wangu yote. Kwenye mkuku alicheka, kwenye wale 15 alinyamaza, kisha akauliza kliniki ni siku gani. Ni Jumatano, tunakwenda wote.

Mama mkwe nimempigia. Surua hakuigusa kabisa. Anauliza hayo matone ya kuku Nansio yanapatikana wapi, wake wameanza kusinzia.

Kuku wa Kisesa

Mwambie wanaosinzia awatenge leo leo, matone hayatibu aliyekwisha ugua. Wazima aulizie duka la dawa za mifugo au kwa afisa mifugo, tone moja jicho moja. Chupa asiianike juani, na akiifungua achanje wote siku hiyo hiyo.