Re: Macho ya njano, damu kidogo, selimundu hana

Dada umeuliza mwanao ana shida gani ikiwa macho ni ya njano na damu ni kidogo lakini selimundu hana, pole sana na hongera kwa kufuatilia.

Kile kipimo cha kumchoma mtoto mchanga kisigino huku Uingereza kinaangalia selimundu kweli, ila kikitoka safi haina maana chembe nyekundu zote ziko sawa. Mtoto wetu alikutwa na upungufu wa kimeng'enya kinaitwa pairuveti kinasi. Chembe nyekundu inapata nguvu kwa kuvunja sukari tu, haina njia nyingine, sasa hiki kikipungua chembe inakufa kabla ya siku zake ndo macho yanakuwa njano na vijiwe vya nyongo vinakuja mapema. Lazima mtoto arithi kwa baba na mama wote wawili, na nyie wenyewe mnakuwa wazima kabisa, kwahiyo mawifi wasianze maneno. Kwa sisi tunaooana mabinamu uwezekano unapanda, tusifichane.

Madaktari waanze kupima upungufu wa G6PD, kimeng'enya kingine cha chembe nyekundu, maana ndo umejaa kwetu na kwa ndugu zetu Oman. Ikitoka safi, taja pairuveti kinasi kwa jina, na mwambie daktari wa damu achukue sampuli KABLA ya kumwongezea damu, akishaongezewa wanapima damu ya mchangiaji, majibu yanakuja mazuri na mnarudishwa nyumbani. Kama kashaongezewa basi ombeni kipimo cha jeni (vinasaba), jeni ya kimeng'enya hiki inaitwa PKLR.

Na vidonge vya madini ya chuma msimpe kienyeji!! Najua bibi atasisitiza, damu ndogo si mpe chuma, lakini kwenye ugonjwa huu chuma inajaa mwilini hata kwa asiyeongezewa damu, inakwenda kukaa kwenye ini na moyo. Wapime feritini, yaani akiba ya chuma mwilini, mara kwa mara. Folik asidi, ile vitamini ya kusaidia kutengeneza damu, mara nyingi wanaandika wenyewe.

Mama Mapacha, Leicester

> Mama wa mtoto: Asante dada. Wametaja kutoa bandama baadaye, je Tanga tutaenda tena?

Mtaenda. Kuitoa mara nyingi kunapunguza haja ya kuongezewa damu ila hakuponyeshi, na madaktari wengi wanasubiri mtoto afike angalau miaka 5. Chanjo za nimokoka na meninjokoka (bakteria wa nimonia na homa ya uti wa mgongo) zitangulie upasuaji. Malaria kwa asiye na bandama inaua haraka, kwahiyo dawa za kinga na neti hata kama mnalala siku mbili tu, na homa yoyote hospitali saa hiyohiyo, msisubiri asubuhi. Ile mitapivat mliyosikia, dawa ya upungufu wa pairuveti kinasi, ilipitishwa Marekani 2022 kwa watu wazima, muulizeni daktari akikua.