Tupeane uzoefu: uliwahi kumshtaki askari au kijana wa ulinzi shirikishi, uliishia wapi?

Mpangishaji_Mbagala: Wakuu, leo asubuhi kijana wa ulinzi shirikishi, hawa walinzi wa usiku wa mtaa wetu, kapita kukusanya buku mbili ya mwezi. Nikamwomba risiti, akanitazama kama nimemtukania mama yake. Nikakumbuka siku vijana walewale walipomvunjia mpangaji wangu simu. Nilienda kwa mtendaji, akanituma kituoni. Kituoni nikaambiwa hao si wetu, ni wa mtaa wenu, rudi kwa mwenyekiti. Na mwenyekiti ndiye aliyewaweka! Nikarudi nyumbani kupika ugali. Ya kwako iliishia wapi?

Kapuku: Siti ya mbele.

Boda_Tandale: Umenitonesha kidonda, mkuu.

Mwaka 2022, jiji zima linaimba panya road, wale vijana wa mapanga. Saa saba kasoro usiku natoka kumshusha abiria, taa ya nyuma imekufa. Nakutana na jamaa sita, virungu na filimbi. "Kitambulisho!" Nawaambia kadi ya NIDA haijatoka, nina namba. "Namba si kitambulisho." Wakachukua mpira wa kufungia mizigo kwenye pikipiki yangu mwenyewe, wakanifunga mikono. Mmoja tumesoma naye mpaka darasa la saba, dawati moja. Nikamwita jina. Akageuka pembeni kuwasha sigara.

Kipigo cha kwanza nilivumilia. Kilichonimaliza ni mpita njia mmoja aliyesimama akapaza sauti: "Mmemkamata panya road?" Madirisha yakaanza kufunguka. Wakuu, mnajua Dar likishapigwa lile neno usiku kinachofuata ni nini. Nikaona mtu anatoka na tofali. Nikajikojolea, sioni haya kusema.

Aliyeniokoa ni mama mmoja wa chapati, anaamka muda huo kukanda unga. Alitoka na kanga moja na mwiko: "Mwacheni! Huyu ndiye ananibebea unga kutoka sokoni!" Akasimama kati yangu na mwenye tofali mpaka Defender ya polisi ikafika. Afande akashuka, akaniangalia, akasema pandeni naye, kwa usalama wake. Nikalala ndani. Asubuhi juu ya kaunta kuna kibao, DHAMANA NI BURE, na chini ya kibao mtu ananiuliza nimekuja na shilingi ngapi.

Kapuku: Pikipiki je??

Mzee_wa_Tangawizi: Chai hii. Mama mmoja na mwiko dhidi ya mtaa mzima?

Binti_Temeke: Hujawahi kukutana na mama wa chapati saa saba usiku wewe.

Mzee_wa_Tangawizi: Nimeoa mmoja. Naendelea kusema ni chai.

Koplo_Mstaafu: Mnatupiga mawe tu, nami niseme. Mwalimu ana chama chake, CWT. Wa halmashauri ana TALGWU. Askari ana nani? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imetuweka kando, sisi, Magereza, JWTZ na JKT. Tunayo SACCOS, basi, ya kukopa bati. Nilishawahi kukaa lindo usiku na mchana bila kupokelewa, miguu imevimba. Nimlalamikie nani? Mkubwa wangu. Aliyenipanga nani? Mkubwa wangu. Kwa hiyo mtoa mada, mwenyekiti wako na mkubwa wangu ni baba mmoja mama mmoja.

Mjomba_Sheria: Afande, Afrika Kusini wana POPCRU tangu 1989, chama cha wafanyakazi wa polisi na magereza. Uingereza walijifunza kwa migomo ya 1918 na 1919: wakapewa shirikisho lao kwa sheria, na sheria hiyohiyo ikawakataza kuingia vyama vya wafanyakazi. Inawezekana.

Binti_Temeke: Chama cha kumtetea anayenipiga? Minneapolis, Marekani, 2020 George Floyd kafa mikononi mwa polisi, askari wanne wakafukuzwa, na kiongozi wa chama chao akaandika barua kwamba wanapambania wanne hao warudishiwe kazi. Hicho ndicho mnataka mtuletee?

Koplo_Mstaafu: Dada, mie nimesema miguu ilivimba.

Binti_Temeke: Na mimi nimesema kaka yangu alivunjwa mkono. Tupime.

Mjomba_Sheria: Jamani. Kenya wana IPOA tangu 2011, chombo cha raia cha kuwachunguza polisi. Sisi tuna Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, unaandika barua bila kulipa hata senti. Inachunguza, kisha inapendekeza.

Kapuku: Inapendekeza 😂

Mkwe_wa_Kota: Ushauri wangu: andika barua, nakala tatu, gonga muhuri kila ofisi.

Mzee_wa_Tangawizi: Ushauri wangu: usiandike kitu, wanajua unapoishi. Nunua taa ya nyuma.

Mkwe_wa_Kota: Ile Tume ya Haki Jinai ya Jaji Chande, 2023, ilitaka jeshi la polisi liundwe upya liwe la kutoa huduma.

Binti_Temeke: Libadilishe jina. Mkono wa chini ya kibao ni uleule.

Mpangishaji_Mbagala: Mada ilikuwa risiti, jamani.

Kapuku: Mkuu achana na risiti. Boda, PIKIPIKI??

Boda_Tandale: Samahani kuchelewa kujibu, nilikuwa na abiria wa Sinza. Pikipiki niliipata baada ya siku tisa. Betri hamna, vioo hamna, mafuta wamenyonya mpaka tone la mwisho. Mama wa chapati nilimpelekea kilo kumi za unga, akakataa, akachukua tano. Malalamiko sikupeleka popote, nilikuwa na marejesho ya kila siku kwa mwenye pikipiki.

Yule wa dawati moja ndiye anayekusanya buku mbili kwangu siku hizi. Anaita hodi kwa adabu kabisa.

Mpangishaji_Mbagala: Anakupa risiti?

Boda_Tandale: Sijawahi kuomba.