Je, kikundi cha kuweka na kukopa cha usharika kina haki ya kutoza riba na kuchukua dhamana?

Mweka Hazina, Morogoro

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu. Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa cha akina mama katika usharika wetu. Tunakutana kila Jumamosi, tunanunua hisa, na sanduku letu lina kufuli tatu ambazo funguo zake hushikwa na watu watatu tofauti. Mwanachama anaweza kukopa hadi mara tatu ya hisa zake kwa riba ya asilimia 10 na kurejesha ndani ya miezi mitatu. Mwisho wa mwaka tunavunja mzunguko na kugawana fedha pamoja na faida kulingana na hisa za kila mmoja.

Mwenzetu mmoja, ambaye ni mjane, alikopa shilingi 300,000 ili aongeze mtaji wa vitambaa, lakini mtoto wake akaugua na fedha yote ikaishia hospitalini. Amelipa rejesho la kwanza tu. Katiba yetu inaelekeza kwamba dhamana ichukuliwe, na dhamana aliyoiandikisha ni cherehani yake. Jambo hili lilipoletwa kikaoni, mama mmoja alisimama akasoma Zaburi ya 15, inayomsifu mtu asiyetoa fedha yake ili apate kula riba, akasema kwamba sisi sote tunakula riba. Mwenyekiti akamjibu kwa Mathayo 25:27, mahali bwana anapomlaumu mtumwa kwa kutoweka fedha kwa watoao riba. Sauti zikapanda, kikao kikaahirishwa. Naomba kueleweshwa: riba yenyewe ni dhambi? Na je, tuna haki mbele za Mungu ya kuichukua cherehani hiyo?

Katekista Mstaafu, Songea

Tumsifu Yesu Kristo, mama. Nianze kwa kusema kwamba mwenyekiti wenu ameegemea mwanzi uliopondeka. Mfano ule wa talanta unahusu uaminifu wa mtumwa kwa kile alichokabidhiwa, na haukukusudiwa kutunga sheria ya mikopo, kama vile mfano wa wakili dhalimu haukukusudiwa kutufundisha kughushi hati za madeni.

Kanisa la kale lilikuwa kali kuliko wengi wetu tunavyodhani. Mtaguso wa Nikea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, wa mwaka 325, huohuo tunaoukumbuka kwa ajili ya Kanuni ya Imani, uliwakataza makleri, yaani watumishi wa daraja la Kanisa, kutoza riba na ukataja waziwazi kiwango cha asilimia moja kwa mwezi. Mtaguso wa Tatu wa Laterano, mwaka 1179, uliwanyima wala riba wanaojulikana Komunyo na maziko ya Kikristo. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13, alieleza sababu yake hivi: fedha, kama divai au ngano, hutumika kwa kuondoka mkononi, kwa hiyo anayedai arudishiwe fedha na pia alipwe kwa matumizi ya fedha hiyo anauza kitu kimoja mara mbili.

Hata hivyo historia haiishii hapo, na sehemu inayowahusu ninyi zaidi ni hii. Katika karne ya 15 ndugu Wafransisko wa Italia walianzisha mifuko ya kuwakopesha maskini ili kuwaokoa na wakopeshaji wa mjini. Mifuko hiyo ilihitaji kulipa watunzaji na kodi ya nyumba, ikatoza kiasi kidogo juu ya mkopo, na mabishano makali yakazuka. Mtaguso wa Tano wa Laterano uliamua mwaka 1515 kwamba malipo ya kufidia gharama hizo hayakuwa dhambi. Kwa maoni yangu, kikundi chenu kina undugu na mifuko ile. Swali ninalowaachia ni kama asilimia 10 yenu inafidia gharama, au inatafuta faida.

Mwalimu wa Biblia, Dodoma

Namshukuru Katekista, nami naongeza la upande wetu wa Matengenezo, yaani wa Kiprotestanti. Yohana Kalvini, mmoja wa viongozi wa Matengenezo hayo, katika barua yake ya mwaka 1545 hivi, alikataa hoja kwamba fedha kwa asili yake haizai, na akakubali kwamba mfanyabiashara anayekopa ili apate faida anaweza kulipa sehemu ya faida hiyo bila mkopeshaji kutenda dhambi. Lakini aliweka masharti, na la kwanza kabisa lilikuwa kwamba mtu aliyebanwa na umaskini asitozwe riba. Hapo hakubuni jambo jipya, kwa kuwa Kutoka 22:25 na Mambo ya Walawi 25:35-37 zinamtaja waziwazi maskini, yaani ndugu ambaye mkono wake umelegea. Torati ilimwangalia anayekopa kwa sababu ya njaa, ugonjwa au msiba. Mjane wenu alikopa kama mfanyabiashara, akaitumia fedha kama mtu mwenye dhiki, na ndiyo maana kifungu cha katiba yenu hakimtoshi.

Kuhusu cherehani sioni nafasi ya kubishana. Kumbukumbu la Torati 24:6 inakataza kuchukua rehani jiwe la kusagia, kwa maana kufanya hivyo ni kuchukua uhai wa mtu. Familia ya Kiisraeli ilisaga unga wake wa kila siku kwa jiwe hilo, na bila jiwe hapakuwa na mkate. Kwa mshonaji, cherehani ndiyo jiwe la kusagia. Mistari ya 10 na 11 ya sura hiyohiyo inamkataza mdai hata kuingia ndani ya nyumba ya mdaiwa kuchagua rehani. Asimame nje, mwenyewe amletee. Linganisheni na mikopo ya kausha damu, ambapo watu huingia ndani, wakatoa godoro, televisheni na mtungi wa gesi mbele ya watoto na majirani. Akina mama wa usharika wakipanda bodaboda kwenda kubeba cherehani ya mjane, majirani hawataona tofauti yoyote, na sijui tutawaambia nini.

Mzee wa Baraza, Iringa

Naheshimu yaliyosemwa, ila ni rahisi kuwa mkarimu kwa fedha ya mtu mwingine. Hisa zilizomo sandukuni ni jasho la mama anayeuza maandazi alfajiri, na huenda naye ni mjane. Mkisamehe leo, mwezi ujao watakuja watano wenye sababu nzuri, na sanduku litakufa. Zaburi 37:21 inasema asiye haki hukopa wala halipi, na mstari huo nao umo katika Biblia hiyohiyo. Huruma isiyoilinda amana ya wengine ni dhuluma kwao.

Afisa Maendeleo ya Jamii, Kilosa

Naomba niingize hesabu, kwa kuwa mara nyingi wanachama hawaifahamu. Mkopo wa 300,000 kwa riba ya 30,000 hurejeshwa kwa 110,000 kila mwezi. Mwezi wa pili mkopaji anabakiwa na msingi, yaani fedha ya mkopo bila riba, wa 200,000 tu, na wa tatu 100,000, ilhali riba ilipigwa juu ya 300,000 yote. Kwa hiyo analipa asilimia 5 kwa mwezi, mara tano ya kiwango walichokikemea maaskofu wa Nikea. Pia tazameni gawio la mwisho wa mwaka: mama mwenye hisa nyingi ambaye hakopi kamwe ndiye anayeondoka na sehemu kubwa ya riba iliyolipwa na mwenye hisa chache anayekopa kila mzunguko. Inawezekana kupiga riba juu ya baki ya mkopo, na katiba hubadilishwa kwa kura za wanachama wenyewe.

Jambo moja limenishangaza. Vikundi vingi vya namna yenu vina mfuko wa jamii kwa ajili ya ugonjwa na msiba, tena bila riba. Wenu ulikuwa wapi mtoto alipolazwa?

Mweka Hazina, Morogoro

Afisa, mfuko upo na una fedha. Mwenzetu aliona haya kuuomba, kwa sababu mwaka jana tulimsaidia kwenye msiba wa mumewe na hakutaka kuonekana ombaomba. Nami sikuwa nimeuliza hadi niliposoma swali lako. Ila Mzee wa Baraza amesema lile ambalo wanachama wetu wengi wanalisema, na sijui namna ya kuwajibu.

Mwalimu wa Biblia, Dodoma

Mzee ana haki, na pendekezo langu linaanzia kwenye hofu yake. Baada ya rejesho la kwanza, deni lililobaki ni 220,000, yaani msingi wa 200,000 na riba ya 20,000. Mfuko wa jamii ulipe msingi huo sandukuni, ili hisa ya muuza maandazi isipungue hata senti, na riba iliyobaki ifutwe kwa azimio la kikao. Mama huyo abaki akidaiwa na mfuko, bila riba, kwa kiasi ambacho cherehani inaweza kukizalisha kila wiki. Kisha ongezeni katika katiba kwamba chombo cha kazi hakiandikwi kuwa dhamana, na kwamba mkopo uliogeukia matibabu unahamishiwa mfuko wa jamii ndani ya mwezi mmoja. Azimio lipigiwe kura kabla hajaitwa kikaoni, asije akalazimika kusimama mbele ya wenzake na kueleza bili ya hospitali.