Buibui kadogo ka chini ya kiti, kako na sumu? Munisaidie, niko na watoto

Mama_Katindo (Goma)
Jambo bandugu. Tuko mu nyumba ya mbao, lupango imezungushwa na mawe ya volkano, na buibui ziko za kila namna. Mbili ndizo zinanisumbua. Moja ni kubwa, bapa, inajibandika ku ukuta usiku, ukiwasha taa inakimbia kimbavumbavu. Ingine ni kadogo, kahawia, miguu iko na mistari, inakaa chini ya kiti cha plastiki chenye watoto banakaliaga, na pembeni yake kuko viduara rangi ya maziwa vyenye vimiba vimiba. Jirani anasema ile kubwa njo ya kuua. Ni kweli?

Yaya_Ibanda
Hapana dada. Ile bapa iache ikule mende, kwa mutu haina neno. Ogopa kale kadogo!! Hivyo viduara ni mifuko ya mayai, na mayai ya miba vile ni ya mujane wa kahawia, ni wa ukoo moja na mujane mweusi, ule buibui wa sumu kali. Chini ya tumbo kuko alama nyekundu ao ya machungwa, pembetatu mbili zimekutana ncha kwa ncha, lakini usimugeuze na mukono juu ya kutafuta alama, mayai yanatosha kukuambia. Mwili wake unafika kama sentimetre 1 tu, na utando wake hauna mupango, nyuzi zinaenda ovyo ovyo na ni ngumu.

Kijana_wa_Lushi
Huku Lubumbashi tuko naye pia, chini ya meza, mu bidoni za zamani, mu viatu vyenye vimelala inje. Hafuate mutu, ukimugusa anajikunja anaanguka sawa amekufa. Anaumaga wakati amebanwa, kwa hiyo watoto bapige kiatu chini mbele ya kuvaa.

Muuguzi_Kadutu
Akiuma: maumivu, jasho, saa ingine misuli inakaza mupaka tumboni. Wa kahawia mara mingi inabaki maumivu ya pale pale, ila mutoto mudogo usingoje, mupeleke ku sentre ya sante. Osha na sabuni, weka kitambaa cha maji baridi. Usichanje na wembe, usifunge kamba, na ile pierre noire (jiwe nyeusi) tunawekaga ku kidonda hainyonye sumu, tafazali, watu banapoteza masaa juu yake. Na jipu lenye usaha msiseme mbio mbio ni buibui, mingi ni mikrobe tu, inahitaji dawa yake.

Mama_Katindo
Asante mingi sana. Sasa ile mifuko niifanye nini, nifagie tu?

Yaya_Ibanda
Ukifagia mayai yanahamia kwingine tu, na mufuko moja unaweza kupita mayai 100. Vaa gan (glavu za mukono) ao chukua kijiti kirefu, tia mifuko mu maji ya moto ya kuchemka, kisha geuza viti vyote na uangalie pa kona za chini, mama moja anatengenezaga mifuko mingi. Fanya muchana, watoto bakiwa mbali.

Mama_Katindo
Nimegeuza viti. Iko mingine mitatu chini ya benchi ya jikoni, maji iko ku moto.