Tupeane uzoefu: Ulipataje draiva sahihi ya waifai ya laptopu yako?

BintiPangani
Wakuu, habari za jioni. Nimeanzisha uzi huu kwa sababu wiki iliyopita siku tatu na bando la GB 5 vimeniishia kwenye jambo ambalo kumbe ni la nusu saa.

Nilipeleka laptopu kwa fundi apige Windows 10 upya. Ikarudi nyepesi kabisa, ila pale chini kwenye kona ile alama ya waifai haipo, kuna kidunia tu. Nikampigia fundi, akaniambia nipakue draiva (programu inayoiwezesha Windows kutumia kifaa) ya modeli yangu. Nikaingia kwenye tovuti ya watengenezaji, nikaandika modeli iliyobandikwa kwenye kitako cha laptopu, nikakuta draiva za waifai tatu: ya Realtek, ya Broadcom na ya Ralink. Nikachukua ya juu. Nikaipakua kwa simu, nikaihamisha kwa waya, nikaibofya, ikafika mwisho na kusema kifaa hakijaonekana. Nikafuta, nikaingia tovuti nyingine, nikapakua furushi kubwa la "draiva zote". Bando likaisha, waifai hakuna.

Aliyenitoa hapo ni mdogo wangu, tukiwa kwenye simu. Akaniambia: "Dada, achana na jina la laptopu, tafuta jina la kadi ya waifai iliyo ndani yake." Nikabofya kulia kwenye Start, nikafungua Device Manager. Chini ya "Other devices" kulikuwa na mstari umeandikwa "Network Controller" wenye kipembe cha njano. Nikaubofya kulia, Properties, kisha Details, na kwenye kile kisanduku cha kuchagua nikashuka hadi "Hardware Ids". Mstari wa kwanza ulianza hivi:

PCI\VEN_14E4&DEV_4365

VEN ni mtengenezaji wa chipu, DEV ni chipu yenyewe. 14E4 ni Broadcom, na 4365 ni BCM43142. Kumbe ilikuwa ile ya pili kwenye orodha, niliyoiruka siku ya kwanza! Nikaipakua, haikumaliza dakika mbili, majina ya waifai za majirani yakajipanga kwenye skrini.

Modeli moja ya laptopu inaweza kutoka kiwandani na kadi za kampuni tofauti, ndiyo maana tovuti inakuwekea draiva tatu. Naomba kila mwenye kisa chake akiweke hapa, na ukiweza utaje namba ya chipu, maana kuna mtu atafika hapa usiku wa manane akitafuta namba hiyo hiyo.

Fundi_Makoroboi
Dada umefanya jambo la maana. Mimi ni fundi, nipo Mwanza, na niseme wazi kwamba sehemu kubwa ya shida hii inaanzia mezani kwetu mafundi. Mteja analeta mashine waifai inafanya kazi, tunafomati, draiva inaondoka na kila kitu, halafu tunamrudishia na maelekezo ya mdomo.

Siku hizi mashine yoyote ya Windows 10 au 11 ikinifikia, kabla sijagusa chochote nachomeka flashi, natengeneza folda, nafungua Command Prompt kwa "Run as administrator" na kuandika:

pnputil /export-driver * E:\Draiva

E ni herufi ya flashi yangu, yako inaweza kuwa nyingine. Inatoa nakala ya draiva zote zilizoongezwa kwenye mashine ile, za waifai, sauti, kadi ya picha. Nikimaliza kupiga Windows narudisha hivi:

pnputil /add-driver E:\Draiva\*.inf /subdirs /install

Hakuna intaneti hapo wala kubahatisha. Ila angalia, ukitoka Windows ya biti 32 kwenda ya biti 64, draiva za zamani hazikufai.

Mkienda kwa fundi muulizeni kabla hajaanza: umehifadhi draiva? Ni haki yenu.

Mkazi_wa_Likoni
Yangu ni ya zile adapta ndogo za waifai za USB. Kadi ya ndani ya laptopu ilikufa, nikanunua adapta mjini Mombasa, nikachomeka. Badala ya waifai ikatokea CD kwenye "This PC". Nikaichomoa na kuichomeka labda mara kumi. Nikairudisha dukani, muuzaji akanipa nyingine, nayo ikafanya vile vile.

Kijana mmoja wa saibakafe ndiye aliyenifafanulia. Baadhi ya adapta hizi zina kihifadhi kidogo ndani chenye draiva, na ukizichomeka mara ya kwanza hujitambulisha kama CD ili uisakinishe kutoka humo humo. Ukiangalia Hardware Ids wakati huo utaona USB\VID_0BDA&PID_1A2B. 0BDA ni Realtek, na 1A2B ni ile hali ya CD. Nikaifungua ile CD, nikabofya Setup, nikasubiri, nikachomoa na kuchomeka tena. Namba ikageuka ikawa 0BDA na C811, waifai ikapatikana.

Kwa wa Linux, kijana yule alinionyesha amri ya kuitoa kwenye hali hiyo:

sudo usb_modeswitch -KW -v 0bda -p 1a2b

Muuzaji nilimrudia nikamweleza, maana alikuwa anahesabu adapta nzima kama mbovu.

Mhasibu_Shule
Wakuu naombeni msaada kwenye uzi huu huu. Ofisini tuna laptopu ya Windows 7, hatuwezi kuipandisha kwa sababu programu yetu ya ada inakubali hiyo tu. Imepigwa upya, waifai hakuna. Nimefuata hatua za BintiPangani nimepata PCI\VEN_10EC&DEV_8168. Nimepakua draiva yake, ikasakinika bila shida, lakini waifai bado. Nimekosea wapi?

Fundi_Makoroboi
@Mhasibu_Shule hujakosea hatua mkuu, umeshika mstari mwingine tu. 10EC ni Realtek, na 8168 ni ya waya, lile tundu la kebo ya mtandao. Windows ikikosa draiva ya waya huandika "Ethernet Controller". Wewe tafuta ulioandikwa "Network Controller". Tuletee namba yake, na useme Windows yako ni ya biti ngapi (bofya kulia Computer, Properties, soma "System type").

Nzalendo_Ndogo
Fupi tu: kama huna intaneti kwenye laptopu, simu yako ya Android ni modemu. Chomeka kwa waya wa kuchajia, washa "USB tethering" kwenye simu. Windows 10 na 11 huipokea bila draiva ya ziada, kisha ingia Windows Update, mara nyingi inaleta draiva ya waifai yenyewe. Lakini kwanza uweke muunganisho huo uwe "metered", la sivyo Windows itaanza kushusha masasisho makubwa kwa bando lako. Mimi liliniisha kabla draiva haijafika.

KakaChipu
Nitoe kisa ambacho kilinigharimu hela na kikaniuma, kwa sababu niliifanya kazi hii kwa mtu mwingine.

Mzee mmoja jirani yangu alikuwa na laptopu yenye kadi ya zamani inayokamata masafa ya 2.4 GHz tu, si yale ya 5 GHz yenye kasi zaidi. Mwanawe aliyeko Muscat anampigia video kila Ijumaa, picha inakatakata. Nikamshauri tubadilishe kadi. Nikaenda Kariakoo, nikapata Intel AX201, safi, bei nzuri. Umbo lake ni M.2 kama ile ya zamani, inaingia kwenye tundu lile lile. Nikafungua kitako, nikachomoa nyaya mbili za antena (nyeusi na nyeupe, vichwa vyake ni vidogo kuliko punje ya mchele na vinapinda ukivivuta kwa pembeni, vinyanyue wima kwa ukucha), nikafunga mpya, nikawasha. Device Manager haioni kitu kabisa, hata kile kipembe cha njano. Nikajaribu draiva toleo la kwanza, la pili, la tatu. Usiku mzima.

Nilichokuja kujua ni kwamba AX201 si kadi kamili. Ni ya aina inayoitwa CNVi: sehemu ya kazi ya waifai imewekwa ndani ya prosesa na chipseti za Intel za kizazi husika, kadi inabaki na sehemu ya redio. Ukiifunga kwenye mashine isiyo na nusu ile nyingine, hakuna draiva duniani itakayoiamsha. Niliyotakiwa kununua ni AX200, inayofanana nayo kwa macho ila inajitegemea. Tofauti ni tarakimu moja.

Nikarudi Kariakoo, muuzaji akakataa kubadilisha. Nikanunua AX200 kwa hela yangu, kwa sababu kosa halikuwa la mzee. Nikaipa draiva ya Windows 10 ya biti 64 kutoka Intel (kadi hii haina ya Windows 7, mhasibu ajue hilo kama ana wazo la kubadilisha kadi). Ijumaa ile nilikaa naye hadi simu ilipoita. Akamwona mjukuu wake akitembea kutoka upande mmoja wa sebule hadi mwingine bila picha kuganda.

Jambo moja zaidi: kuna laptopu ambazo BIOS yake (programu ya msingi inayoiwasha mashine) ina orodha ya kadi inazozikubali. Ukiweka nje ya orodha, mashine inakuandikia onyo ikiwaka na inagoma kuendelea. Kagua hilo kabla ya kutoa hela.

Mdada_wa_IT
Kuna wanaohangaika na draiva wakati draiva ni nzima. Andika kwenye Command Prompt:

netsh wlan show drivers

Soma mstari wa "Radio types supported". Ukiona mwisho wake ni 802.11n, bila a wala ac, kadi hiyo ni ya 2.4 GHz tu, na mtandao wa 5 GHz hautauona hata ubadilishe draiva mara mia. Nenda kwenye ruta uwashe 2.4.

Mwanachuo_Iringa
Natumia Ubuntu. Draiva ilikuwepo tangu siku ya kwanza, lakini nikiwa meza moja na ruta mawimbi ni kijiti kimoja, nikihamia chumba cha pili yanapotea. Nilidhani kadi imekufa.

Niliandika lspci -nnk, nikapata [10ec:b723], yaani RTL8723BE, na chini yake "Kernel driver in use: rtl8723be". Draiva ni yenyewe. Shida ni kwamba kadi hii ina matundu mawili ya antena, na laptopu yangu kiwandani wamechomeka waya mmoja tu, wakati draiva inasikiliza tundu lisilo na waya. Dawa ni kuiambia isikilize upande wa pili:

echo "options rtl8723be ant_sel=2" | sudo tee /etc/modprobe.d/rtl8723be.conf

Ukiwasha upya na hali ni ile ile, weka 1 badala ya 2. Mimi 2 ndiyo iliyokubali, vijiti vikajaa. Muhula mzima nilikuwa nasomea koridoni nikidhani hakuna njia.

Baba_Neema
Nilitozwa hela na programu moja ya kwenye mtandao iliyodai draiva zangu 23 zimepitwa na wakati. Nililipa, ikaweka draiva ya waifai isiyo yangu, kosa la "Code 10" (kifaa hakiwezi kuanza kazi) likaanza. Nilichofanya: Device Manager, Properties ya kadi, kichupo cha Driver, "Roll Back Driver". Ikarudi. Hela haikurudi. Ndugu zangu, draiva za waifai ni bure, chukueni kwa watengenezaji wa laptopu au wa chipu.

Mhasibu_Shule
Nimerudi. "Network Controller" inasoma PCI\VEN_168C&DEV_0036. Windows 7, biti 32.

BintiPangani
@Mhasibu_Shule 168C ni Atheros, na 0036 ni AR9565. Usishangae ukiikuta chini ya jina la Qualcomm, maana Qualcomm waliinunua Atheros mwaka 2011. Ndivyo ilivyo kwa Ralink pia, mwaka huo huo ilikwenda MediaTek, kwa hiyo draiva moja unaweza kuikuta kwa majina mawili. Na Windows 7 ilitoka 2009, kabla ya chipu yako, ndiyo maana haiitambui yenyewe. Tafuta iliyoandikwa Windows 7, 32-bit, kwenye ukurasa wa watengenezaji wa laptopu yako.

Mhasibu_Shule
Nimeipata. Ilinigomea mara ya kwanza kwa sababu nilichukua ya biti 64, nikarudia. Kipembe cha njano kimeondoka, ila orodha ya mitandao ilikuwa tupu.

Fundi_Makoroboi
@Mhasibu_Shule fungua Start, andika services.msc, tafuta "WLAN AutoConfig", iwe Started na Automatic. Kisha kagua ubavuni mwa laptopu, zile za miaka ile nyingi zina swichi ndogo ya waifai.

Mhasibu_Shule
Ilikuwa swichi. Ipo mbele, chini ya sehemu ya kuwekea kiganja, na taa yake ilikuwa ya rangi ya machungwa. Nimeisukuma ikawa bluu, na mtandao wa ofisi ukatokea wa kwanza kwenye orodha. Kesho asubuhi wazazi wanakuja kuchukua stakabadhi. Nimeandika 168C na 0036 kwenye karatasi, nimeibandika kwa selotepu chini ya laptopu.