Tupeane uzoefu: Kujilipia mwenyewe kwenye pampu ya mafuta

Mleta mada

Ndugu zangu, salaam. Naomba tukusanye hapa visa vyetu kuhusu mashine za kujilipia kwenye vituo vya mafuta, zile ambazo dereva huchomeka kadi yake, hujaza mafuta kwa mkono wake na kuondoka bila kuonana na mtu. Naomba pia tusitaje jina la kituo wala la benki, kwa kuwa tunatafuta kuelewa jinsi jambo lenyewe linavyokwenda, hatukuja kushtakiana.

Nianze na langu. Nilifika kituoni usiku, dirisha la mhudumu limefungwa, zinawaka pampu peke yake. Nilichomeka kadi, nikaingiza namba ya siri, skrini ikaniambia nisubiri, kisha ikaandika maelezo marefu kwa herufi ndogo ambazo macho yangu hayakuziweza, nikarudi garini kutafuta miwani. Niliporejea nilikuta skrini imeanza upya, inanikaribisha kana kwamba hatujawahi kuonana. Nikachomeka kadi tena, nikajaza lita 11 tu kwa kuwa ndizo nilizozihitaji, nikarudisha bomba mahali pake, nikaondoka. Asubuhi yake nilitaka kununua tairi, kadi ikakataa mbele ya watu. Nilipoangalia akaunti nikakuta fedha zimeshikiliwa mara mbili, na kila mara kiasi kilichoshikiliwa kilitosha kujaza tangi la gari kubwa kuliko langu. Kuna aliyewahi kukutwa na hili?

Mstaafu wa Pampu

Ndugu mleta mada, pole. Nilifanya kazi miaka tisa nyuma ya kioo cha kituo cha mafuta, na malalamiko ya aina hii ndiyo niliyoyasikia kuliko mengine yote.

Pampu haijui utajaza kiasi gani. Kwa hiyo, kabla ya kuruhusu mafuta yatoke, huiuliza benki yako kama akaunti ina kiasi fulani kilichopangwa, na benki ikikubali hukitenga kando. Fedha hizo hazijakatwa, bado ni zako, ila huwezi kuzitumia. Ukimaliza kujaza, kituo hutuma hesabu halisi ya lita ulizochukua, na benki inapaswa kukuachia kilichobaki. Baadhi ya benki huachia baada ya dakika chache, nyingine hukaa na fedha za watu kwa siku kadhaa. Kiasi kinachotengwa si kidogo: mwaka 2022, bei ya mafuta ilipopanda, kampuni za kadi za Visa na Mastercard ziliruhusu vituo vya Marekani vishikilie hadi dola 175, wakati awali kikomo kilikuwa dola 125. Anayelipa kwa kadi ya mkopo hupunguziwa tu nafasi ya kukopa, lakini mwenye kadi ya akaunti ya kawaida huzuiliwa fedha zake mwenyewe, na huyo ndiye aliyekuwa akija dirishani kwangu akiwa amekunja uso.

Niongeze jambo moja ambalo wengi hawalijui. Muuzaji wa kawaida hufunga mauzo kwa kukupa risiti, lakini pampu huyafunga pale bomba linaporudi kwenye kiota chake na kubonyeza swichi iliyomo ndani. Siku moja mzee mmoja alilining'iniza bomba nusunusu, akapanda gari, akaenda zake. Dereva aliyemfuata alilichukua bomba lile lile, akaminya, akaona namba zinaendelea kutoka lita 28 badala ya kuanza sifuri. Ashukuriwe Mungu alikuwa mwaminifu. Alikuja dirishani na uso wa mtu aliyeokota pochi njiani, akaniambia, "Ndugu, nadhani ninajaziwa na mtu mwingine." Tangu siku hiyo kila mteja aliyeniuliza chochote nilimwambia asiondoke kabla ya kuona skrini imeandika kuwa muamala umekamilika.

Dereva wa Masafa

Mimi naendesha malori, hivyo hujilipia kwenye pampu mara nyingi kuliko ninavyokula mezani kwangu. Kisa changu ni cha wizi. Nilifika alfajiri, nikachomeka kadi, nikahisi mdomo wa kile kisoma kadi unacheza kama jino la mtoto. Nikauvuta kidogo, ukatoka wote mkononi, na chini yake kulikuwa na kisoma kadi kingine, kile halali. Kilichokuwa mkononi mwangu kilikuwa ganda la plastiki la rangi ile ile, na ndani yake kibati chembamba kilichobandikwa betri, kifaa cha kunakili taarifa za kila kadi inayopitishwa ili mwizi atengeneze kadi bandia. Nilikwenda ndani nikakiweka juu ya kaunta, na kijana aliyekuwa zamu hakusema neno, alitoka nje akaizima pampu.

Tangu hapo huitikisa kila mashine kabla ya kuipa kadi. Hata hivyo nisiwadanganye: mtikiso hautoshi, kwa sababu wezi wengine hufungua mlango wa pampu na kukifunga kifaa chao kwenye nyaya za ndani, ambako huwezi kuona kitu. Pampu nyingi zilikuwa zikitengenezwa na kufuli zinazofunguka kwa funguo zinazofanana, na vifaa vingine hutuma taarifa kwa Bluetooth, hivyo mwizi huegesha gari karibu na kuzivuna bila kuigusa tena mashine. Ndiyo maana baadhi ya vituo hubandika utepe kwenye mlango wa pampu ambao ukibanduliwa huacha maandishi. Mimi huutazama utepe huo kabla ya kutazama bei.

Pampu zimekuwa kipenzi cha wezi hawa kwa sababu zilichelewa kuacha ukanda wa sumaku, ule mstari mweusi ulio nyuma ya kadi ambao ni rahisi kunakiliwa, na kuhamia kwenye chipu, kile kibati kidogo cha mbele ya kadi ambacho ni vigumu kunakili. Nchini Marekani, maduka ya kawaida yalianza kubeba hasara ya kadi bandia kwa kukosa visoma chipu tangu Oktoba 2015, lakini vituo vya mafuta viliongezewa muda hadi 2017, kisha 2020, na hatimaye tarehe 17 Aprili 2021. Miaka yote hiyo ya nyongeza mwizi alijua wapi pa kwenda. Kwa maoni yangu, palipo na nafasi ya kugusisha kadi bila kuichomeka, gusisha, kwa kuwa namba inayotumwa kwa muamala huo haimfai mwizi kutengenezea kadi nyingine ya ukanda.

Msomaji Kimya

Kisa changu ni kifupi. Mashine iliniuliza kama nataka risiti, nikajibu ndiyo, ikaniandikia: "Karatasi imekwisha, tafadhali ingia ndani." Ndani nikapanga foleni nyuma ya watu sita. Mwajiri wangu hanirudishii fedha bila risiti, kwa hiyo sijawahi kuuona huo wepesi unaosifiwa.

Mpenda Safari

Nilikodi gari nchini Marekani, na kila pampu niliyoisogelea iliniomba namba tano za msimbo wa posta wa mwenye kadi. Kadi yangu imetolewa nchi nyingine na anwani yangu haina msimbo wa namna hiyo. Nilijaribu msimbo wa hoteli, ikakataa. Nikajaribu sifuri tano, ikanituma kwa mhudumu. Baadaye nilielezwa kwamba namba hizo hulinganishwa na anwani iliyoko benki ili kumzuia aliyeiba kadi, jambo ambalo ni jema, isipokuwa kwamba mgeni na mwizi huonekana sawa machoni pa mashine. Watu wa Kanada wana ujanja wao wa kuchukua tarakimu tatu zilizomo kwenye msimbo wao na kuongeza sifuri mbili. Sisi wengine dawa yetu ni kuingia ndani, kutaja namba ya pampu na kulipia kwanza.

Kichekesho ni kwamba nilipofika jimbo la New Jersey nilikuwa nimekwisha kuwa mzoefu, nikashuka kwa kujiamini na kulishika bomba, akaja mhudumu mbio akinizuia. Sheria ya jimbo hilo imekataza dereva kujijazia petroli tangu 1949. Oregon nayo ilikuwa na katazo la aina hiyo tangu 1951, ikaliondoa mwaka 2023.

Fundi Simu

Mimi hulipia kwa programu ya simu nikiwa nimeketi garini. Programu hutambua kituo nilipo, huniuliza namba ya pampu, nami huithibitisha kwa alama ya kidole. Siku moja nilikuwa pampu namba 6, nikabonyeza 9. Nikashuka, nikainua bomba langu, kimya. Upande wa pili mama mmoja aliyekuwa akihangaika na kadi yake akashangaa pampu yake imewaka yenyewe. Nilikimbia mikono juu kama mwamuzi wa mpira, na tulicheka sana baadaye, lakini alikwisha kujaza lita nne kwa fedha zangu. Alinilipa papo hapo, nami nikajifunza kusoma namba iliyo juu ya pampu nikiwa nimesimama mbele yake, badala ya kuisoma kupitia kioo cha gari.

Mwana wa Mzee

Naomba tuwakumbuke na wazazi wetu. Mama yangu ana miaka 74, vidole vyake vimekaza, na jua likipiga skrini haoni chochote. Mashine humpa sekunde chache, akichelewa humrudisha mwanzo. Nimesimama pembeni nikimtazama akianza mara tatu, na mara ya tatu aliniambia, "Mwanangu, huyu hana subira, nitafutie mtu." Mtu hakuwepo. Kituo kile hakina mhudumu na hakipokei fedha taslimu.

Mstaafu wa Pampu

Mwana wa Mzee umegusa penyewe. Kuwa na mashine hakulazimishi kumwondoa mtu. Japani iliruhusu vituo vya kujihudumia mwaka 1998, na huko kwao kituoni yupo mtu anayekutazama, na ndiye anayebonyeza kitufe cha kuruhusu mafuta yatoke. Wanafanya hivyo kwa ajili ya moto, si kwa ajili ya wazee, lakini mzee akikwama walau kuna jicho linalomwona.

Mleta mada

Nawashukuru nyote. Nirudi kwenye shauri langu. Fungu moja liliachiwa jioni ile ile, nikabaki nimekatwa lita zangu 11 tu. Fungu la pili lilikaa siku tatu nzima. Nilipopiga simu benki nilijibiwa kwamba hakuna hesabu ya mauzo iliyoletwa kwa fungu hilo, hivyo ni lazima lisubiri hadi muda wake uishe. Mstaafu, mauzo bila mafuta yanawezekanaje?

Mstaafu wa Pampu

Yanawezekana, na umeyaeleza mwenyewe kwenye maelezo yako ya kwanza. Kadi uliichomeka mara mbili. Mara ya kwanza pampu iliomba fedha, benki ikakubali na kuzitenga, kisha pampu ikangoja uinue bomba. Haikuona bomba likiinuliwa, ikajifunga. Ilipaswa kuijulisha benki kwamba hakuna kilichouzwa, lakini taarifa hiyo wakati mwingine haifiki, au hufika na benki ikaipuuza.

Mleta mada

Kumbe ni wakati ule nilipokuwa natafuta miwani! Na wala haikuwa garini, nilikuwa nimeipandisha kichwani.