Wazee wa mtaa wanaondoka, wasifu wao tunauandikaje?

Mtoto wa Ngamiani:
Wakuu habari zenu. Kuna jambo linaniuma naomba mawazo. Huku Tanga mtaani kwetu tumezika wazee wengi mfululizo, na kila msiba wasifu ni ule ule, kazaliwa mwaka fulani, kasoma mpaka darasa fulani, kaoa, ameacha mjane na watoto na wajukuu kadhaa, halafu ndo inakuja hadithi ndefu ya ugonjwa, presha ilipanda, akakimbizwa hospitali, hali ikabadilika usiku. Yaani wiki mbili za kuumwa zinasimuliwa kuliko miaka 80 ya kuishi!

Juzi tumemzika mzee aliyekuja Tanga kijana akitokea Kigoma, manamba, yaani kibarua wa mkataba mashambani, wa enzi za kipande, unafanya kazi siku 30 mpaka kadi ijae ndo unalipwa. Alianza kwa kukata mkonge baadae akahamishiwa korona, yaani kwenye mashine ya kutoa nyuzi za mkonge, na sisi watoto alikuwa anatuonyesha mikono anatuambia maji ya mkonge yanavyowasha, usiku mtu unajikuna hulali. Msibani ikasomwa "aliwahi kufanya kazi kwenye mkonge" basi ikapita. Nataka tuwe na daftari la mtaa tuwaandike hawa watu vizuri. Nianzie wapi, na niulizeje bila kuonekana nachokonoa mambo ya watu?

Mama Wawili Pangani:
Pole kwa msiba mwanangu, na umewaza jambo la maana sana. Nenda wakati watu bado wako matanga, wakishatawanyika huwapati tena. Na usikae na wanaume kwenye turubai tu, zunguka uani kwa wanawake wanaochambua mchele na kumenya vitunguu, pale ndo marehemu anatajwa alivyokuwa. Usiulize "alikuwa mtu wa namna gani" maana utajibiwa alikuwa mcheshi mwenye upendo na watu wote, kila maiti anasemwa hivyo. Uliza aliamka saa ngapi, jioni alikaa baraza ipi, akigombana na nani na walipatanaje. Kwetu alifariki bibi muuza vitumbua, wanawe wenyewe hawakujua kwamba kila mwaka watoto wa darasa la saba asubuhi ya mtihani walikuwa wanakula kwake bure, tumeyasikia uani siku ya pili ya msiba kwa mama mmoja ambaye alikuwa akimsaidia kuloweka mchele.

Kaka wa Unguja:
Assalam alaykum. Mimi nakuunga mkono ila kwa tahadhari. Huku kwetu mtu akifa asubuhi jioni keshazikwa, wasifu haina nafasi, habari zake utazisikia baada ya khitma watu wakinywa kahawa. Sasa pale panasemwa mengi, na maiti anatajwa kwa mema yake, ya aibu yanaachwa. Kwa hiyo ukishaandika wasomee wenyewe wafiwa kwanza, wakikwambia hili futa, futa bila ubishi. Lakini andika! Siti binti Saad amefariki 1950 na leo mjukuu wangu anajua kwamba kabla ya kuimba alikuwa akiuza vyungu kutoka Fumba, kwa sababu Shaaban Robert alikaa akamwandika. Na Shaaban Robert si mtu wa Tanga nyie? Basi mnaye wa kumfuata.

Mluhya Halisi:
Poleni sana majirani. Huku Kakamega familia huchapisha programu ya mazishi yenye picha na historia ya marehemu, mamangu huziweka zote kwenye sanduku chini ya kitanda, na ndizo tumetumia kujua nani alizaliwa lini na nani ni binamu ya nani. Anza na karatasi kama hizo upate majina na miaka, halafu hayo ya uani uongeze juu. Na jina la utani usisahau hata kidogo, kuna mzee huku ukimtaja kwa jina la kitambulisho hakuna mtu anamjua.

Msikilizaji wa Zamani:
Vijana hamkuwahi matangazo ya vifo ya RTD, Radio Tanzania Dar es Salaam, mtangazaji anataja aliyefariki halafu "habari ziwafikie" fulani wa Mwadui, fulani wa Kilombero, fulani wa Mombasa, popote walipo. Tulikuwa tunanyamaza redioni mpaka yaishe. Ukoo mzima unaujua uliko kwa tangazo moja. Kwenye daftari lako kila marehemu muwekee hiyo orodha, huyo mzee wa Kigoma ndugu zake waliobaki kule nani anawajua zaidi ya mjane wake? Muulize mapema.

Mtoto wa Ngamiani:
Ahsanteni sana wote, mama yangu wa Pangani Mungu akuweke. Nimeshaongea na mjumbe na mjane amekubali niende Alhamisi, kasema kuna barua za kutoka Kigoma na picha ya mzee akiwa shambani na wenzake, ila imebanduka pembeni. Mluhya ndugu yangu, picha za zamani mnazipigaje kwa simu zisitoke na mwako?

Mluhya Halisi:
Toka nje ukae kivulini, zima flashi, ilaze kwenye kitambaa cheusi. Na ugeuze nyuma uipige pia, mara nyingi majina yameandikwa huko.

Mama Wawili Pangani:
Na kama hakuna majina, mama mwenyewe akutajie mmoja mmoja kutoka kushoto, mrekodi kwa sauti yake.